Jina Nililopewa na Tundu

Ndiyo, Maman Tundu ni mimi. Nimelikana jina hilo kwa miaka mingi, mbele ya watu wazima na mbele ya watoto wao. Ukipita kwenye Galerie d'Ixelles, ile ya maduka ya Wakongomani hapa Brussels, siku ya Jumamosi, saluni zikiwa zimejaa, hutakosa mtu wa kukuambia kwamba zamani kulikuwa na mwanamke mmoja mfupi mwenye tochi aliyekuwa akiingia kwenye nyumba za watu kutafuta matundu ukutani. Siku moja mama niliyekuwa nikisukwa naye alinisimulia habari zangu mwenyewe kwa kirefu, akatia na chumvi yake. Nikamwuliza huyo Maman Tundu aliishia wapi. Akasema alishakufa. Nikampa pole.

Sasa nimestaafu, na vijana wetu wananunua nyumba, nyumba zile nyembamba za matofali zenye ngazi kama za mnara. Baridi ikikaribia hunipigia simu kuniuliza wafanye nini. Afadhali basi nieleze kazi ile ilivyokuwa, kabla yule mama wa saluni hajaieleza kwa niaba yangu.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa asubuhi ya Oktoba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye jengo refu la Anderlecht lenye lifti iliyopanda kwa kulalamika. Niliajiriwa kuwa mwangalizi wa jengo. Nilitoka Bukavu nikasoma Lubumbashi, na nilikuwa na shahada ya isimu ya lugha. Tasnifu yangu ilihusu ile silabi ndogo ya Kiswahili inayogeuza kitendo kinyume: funga na fungua, ziba na zibua, funika na funua. Kurasa nyingi sana juu ya kufunga na kufungua, na aliyeniajiri alinikabidhi shada la funguo akaniambia nianze na chumba cha chini.

Huyo alikuwa mkuu wa ufundi. Sote tulimwita Chef, na sikuwahi kusikia mtu akimwita vinginevyo. Alikuwa Mflemi, Mbelgiji wa upande wa Kiholanzi, aliyezungumza Kifaransa kwa uchache, kama mtu aliyebakiza maneno ya wiki moja tu. Tulishuka hadi kwenye boila, ule mtambo unaopasha maji joto na kuyapeleka kwenye radiatori, vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto, za nyumba nzima. Akanionyesha kipimo cha mgandamizo, yaani saa ndogo yenye mshale inayokuambia kama maji yaliyomo yanatosha. Kisha akasema:

"Madame, nyumba ina maadui wawili. Maji na watu. Maji unaweza kuyafunga."

Niliandika. Nilikuwa bado mtu wa chuo kikuu, nikiandika kila kitu.

Somo la kwanza lilikuwa la mifereji ya paa. Majani ya kwanza yalipoanguka nilipanda, nikaisafisha, nikashuka nikijisifu kwa kuiwahi kazi. Novemba majani yaliyobaki yakaanguka yote, yakaziba mifereji, na mvua ikateremka ukutani hadi kwenye sebule ya bibi mmoja wa ghorofa ya juu. Chef hakunikaripia. Aliniuliza tu kama huko kwetu watu huosha sahani kabla ya kula. Tangu siku ile nawaambia vijana: ngojeni jani la mwisho, na baada ya hapo msingoje hata siku moja.

Somo la pili ni bomba la nje, lile la bustanini au uani. Maji yakiganda hutanuka, na yakitanuka hupasua chuma kama mtu anayepasua kuni. Funga kwanza koki iliyo ndani ya nyumba, kisha nenda nje ufungue bomba na uliache wazi, litoe mpaka tone la mwisho, likae hivyo mpaka baridi ipite. Watu wengi hufunga vyote viwili wakaridhika, kumbe wameyafungia maji katikati.

Halafu radiatori. Ikiwa chini ni ya moto na juu ni baridi, hewa imejikusanya ndani. Unachukua ule ufunguo mdogo wa pembe nne, unaweka kitambaa chini yake, unazungusha polepole. Itapiga mluzi. Mluzi ukigeuka maji, funga. Anza ghorofa ya chini ukipanda, maana hewa hukimbilia juu, kisha rudi kwenye boila utazame ule mshale, kwa sababu umepunguza mgandamizo na lazima uongeze maji kidogo. Na ukisafiri wakati wa baridi, usizime joto kabisa. Liache chini. Nyumba iliyoachwa bila joto ni kama sufuria iliyoachwa bila mtu, utakayoyakuta hutayapenda.

Nilikaa Anderlecht majira kadhaa ya baridi. Kisha Chef akahamia kampuni ndogo ya mitambo ya joto iliyokuwa Saint-Josse, akanichukua. Alikuwa ameona kwamba Wakongomani wengi zaidi walikuwa wananunua nyumba kuukuu za mtaa ule, na mafundi wake walikuwa wakirudi na taarifa moja: wametusikiliza vizuri sana, wametupa chai, hawakufanya lolote. Nikapewa cheo cha mshauri. Kila vuli nilizunguka nyumba kwa nyumba na tochi yangu kabla fundi hajafika.

Jambo nililotumwa kulisema zaidi ya yote lilikuwa moja. Katika nyumba hizo, maji ya bafuni yalipashwa na chauffe-bain, kisanduku cha gesi kilichotundikwa ukutani chenye moto ndani yake. Moto huo unakula hewa kama sisi. Kwa hiyo ukuta wa bafu huachiwa tundu lenye wavu wa chuma ili hewa safi iingie, na dohani hupanda juu kutoa moshi. Tundu likizibwa, moto hukosa hewa, moshi wake hugeuka sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulala ndani ya maji asiamke. Sasa mwambie mtu aliyetoka nchi ya jua, anayetetemeka tangu Oktoba, kwamba ukuta wake wa bafuni lazima uwe na tundu linaloingiza baridi.

Nilianza kisomi. Niliandika tangazo kwa Kiswahili sanifu nikalibandika kwenye duka moja la Galerie: Wapendwa wenye nyumba, tafadhali msiyazibe matundu ya kuingizia hewa safi. Upatanisho wa ngeli ulikuwa hauna doa. Watu wa Kivu na wa Katanga walilisoma kama wanavyoisoma Biblia ya zamani, kwa heshima na bila kuchukua hatua yoyote. Neno walilobaki nalo lilikuwa moja tu, na wakanipa mimi.

Aliyenipa alikuwa Papa Ilunga. Alikuwa mzee wa Lubumbashi, fundi wa reli kwa maisha yake yote, aliyekuja Brussels kuwafuata watoto wake na sasa akiishi na mkewe, Maman Véronique, katika nyumba ya Saint-Josse ambayo aliipenda kama injini. Alinifungulia mlango, akanitazama mimi na tochi yangu, akasema kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho ndiyo yake ni njo:

"Eh. Njo weye Maman wa matundu? Ingia, Maman Tundu. Hapa hautapata hata moja."

Akanitembeza. Madirisha yalikuwa na utepe wa sponji pande zote, na hilo lilikuwa jema. Chini ya milango kulikuwa na mito ya mchanga iliyoshonwa na mkewe, jema pia. Kila alipopita aligonga kwa kidole na kueleza: baridi iko mwizi, inaingiaka mu katundu kadogo, banafunga mulango inapita mu serrure, yaani kwenye tundu la kitasa. Tukafika bafuni. Hakukuwa na dirisha. Ukuta ulikuwa mweupe, laini. Nikagonga karibu na sakafu nikasikia mlio mwingine. Alikuwa ameliziba tundu kwa saruji, akalipiga plasta na kulipaka rangi, kazi safi mpaka ningeweza kupiga makofi. Nikafungua bomba la maji ya moto. Ndani ya kisanduku moto uliwaka wa manjano, ingawa ungepaswa kuwa wa bluu, na juu yake ukutani kulikuwa na ulimi mweusi wa masizi.

Maman Véronique alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwuliza anajisikiaje siku hizi. Akasema kichwa tu, kichwa na miguu. Akioga siku za baridi, kichwa kinamuuma, miguu inakuwa kama ya mtoto, siku moja alianguka akimwita Papa kwa sauti isiyotoka. Daktari alisema ni damu kupanda. Kikundi cha maombi kilisema ni mawifi. Wakati wa kiangazi ugonjwa unaondoka wenyewe.

Nilimwambia Papa Ilunga yote, hapo hapo, nikiwa nimeinama bado. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Maman, weye ulisomaka nini?"

"Isimu, Papa. Mambo ya lugha."

"Bon. Lugha. Miye nilitumikaka na moto na vapeur ya treni mpaka nywele ikakuwa mweupe. Donc, utanifundisha moto?"

Siku iliyofuata nilimleta Chef. Alitazama moto ule wa manjano, akafunga koki ya gesi ya kile kisanduku, akatundika kibandiko chekundu cha kukataza, akamwelezea mwenye nyumba kwa maneno yake machache. Papa Ilunga akamshukuru. Nje, kando ya gari, Chef akasema tumefanya yanayotupasa. Nikamwambia kwamba yule mzee amefungua injini za treni, ile koki ataifungua kabla hatujafika kwenye kona.

"Nyumba ni yake," alisema Chef. "Huwezi kumfungulia mtu tundu asilolitaka."

"Basi nitarudi mpaka alitake."

"Kwa kutumia nini, Madame?"

Nikamwambia nina shahada ya kufungua. Hakucheka, lakini aliniruhusu niende kila wiki, na hiyo kwake ilikuwa hotuba.

Nilirudi. Koki ilikuwa imeshafunguliwa na kibandiko hakipo. Nilipeleka kijitabu cha Kifaransa chenye michoro, nikapewa chai. Nilichora mchoro wangu mwenyewe, mishale ya hewa ikiingia na kutoka, na Papa Ilunga akasahihisha dohani yangu, iliyokuwa imepinda. Nilitafsiri jina la ile sumu kwa njia nne, ya mwisho ikiwa nzuri sana kiasi kwamba ningeipeleka kwenye mkutano wa wanaisimu, naye akasema haijui hiyo gaz, mu Lubumbashi haikuwako. Nilimtisha kwa kifo. Akajibu kifo iko ya Mungu, chai iko ya Maman Véronique, kunywa. Pembeni nilimsihi mkewe apashe maji jikoni kwenye sufuria aoge kwa beseni. Alifanya hivyo siku Papa alipokuwa ametoka. Siku nyingine hakuweza. Alisema akioga kwa beseni katika nyumba yenye chauffe-bain, mume wake ataona ameitukana nyumba.

Jina langu jipya wakati huo lilikuwa limefika kanisani kabla yangu. Jumapili mtu alininong'oneza kwenye benchi: wewe ndiye Maman Tundu? Nikasema hapana, ni jirani yangu.

Kisha ikafika Jumamosi moja ya Desemba. Papa Ilunga alikuwa na wageni, nami nikakaribishwa, maana aliyekuja mara nyingi namna ile hawezi kuachwa bila samaki. Uani alikuwa amewasha mbabula. Hilo ndilo jina la jiko la makaa kwa watu wa Katanga, na yeye alikuwa ametengeneza la kwake kwa pipa la ndani la mashine kuukuu ya kufulia, lile lenye matundu mengi. Alikuwa amevaa makoti mawili na kofia, akigeuza samaki kwa furaha ya mtu aliyeko nyumbani. Theluji ikaanza. Maman Véronique, amejifunika shali, akatoka mlangoni akasema Papa, tuingize hiyo mbabula mu cuisine, samaki imekwisha kuiva nusu, makaa itatupasha na wageni.

Alimgeukia kana kwamba amemwambia wachome nyumba.

"Mbabula mu nyumba? Véro, unataka tukufe?"

Akatueleza, mimi na wageni wawili waliokuwa wakipiga miguu chini kwa baridi. Mu saison ya baridi kule Lubumbashi, jirani zake wa kambi ya reli waliingiza mbabula chumbani wakalala nayo. Baba, mama na watoto. Asubuhi hawakutoka. Yeye ndiye aliyevunja mlango.

"Balikuwa sawa bantu benye kulala. Hata damu, hata alama, hakuna. Mbabula inakulaka mupepe yote ya kupumua, inabaki bure. Kila mutoto wa kwetu anajua ile."

Nikamwuliza polepole, kama vile ninauliza habari za samaki:

"Papa, ile chumba haikukuwa na tundu?"

"Ilikuwa nayo. Balikuwa balishaiziba na bilamba, nguo ya kuzeeka. Juu ya baridi..."

Kijiko chake cha chuma kilibaki hewani.

"Papa," nikasema, "ile chauffe-bain yako iko mbabula. Baliitundika tu ku ukuta."

Theluji ilianguka kwenye makaa ikalia. Maman Véronique hakuondoka mlangoni. Miezi mizima nilikuwa nimetafuta neno katika vitabu, na neno lenyewe lilikuwa uani likichoma samaki. Papa Ilunga alinitazama kwa muda, na sikuona hasira. Niliona mtu anayeutazama tena mlango aliouvunja zamani.

"Samaki inaungua," akasema.

Haikuwa ikiungua. Lakini aliwageukia samaki wake, na nilienda nyumbani bila kujua kama nimemfungua au nimemziba zaidi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa magumu ya kazi. Koki na mifereji unajifunza kwa majira mawili. Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, nikaona boila za kila namna, nikapanda ngazi ambazo magoti yangu yananikumbusha kila asubuhi. Chef alistaafu kabla yangu. Siku ya kuagana aliniambia kwamba alikosea siku ya kwanza: nyumba ina adui mmoja tu, na ni baridi, kwa sababu huwafanya watu wafunge vitu bila kufikiri. Kwa Chef hayo yalikuwa maneno ya mwezi mzima.

Vijana wanaponiuliza sasa, huwaambia hivi. Zibeni madirisha yanayovuja na milango inayopiga mluzi, wekeni vitambaa vizito, vikeni mabomba ya chumba cha chini sponji yake. Kila asubuhi fungueni madirisha kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, hata kukiwa na barafu, ili unyevu utoke na kuvu isiote kwenye pembe. Mwagieni chumvi ya kuyeyusha barafu njia ya mbele ya mlango kabla bibi wa jirani hajateleza. Mwiteni fundi asafishe dohani kabla ya baridi. Lakini palipo na moto, msizibe. Kama mmekuta pamezibwa, zibueni. Hiyo silabi ya kugeuza ndiyo kazi yangu yote, ile ya chuoni na ile ya tochi.

Kuhusu jina, nililikana ofisini pia, isipokuwa siku moja. Chef aliwahi kulisikia mitaani akaniuliza maana yake, nikamwambia ni neno la Kiswahili la heshima, gumu kutafsiri.

Jumatatu ile, baada ya Jumamosi ya samaki, baridi ilikuwa kali, kioo cha ofisi kimeota maua ya barafu. Jumapili nzima nilikuwa nimewaza kuhusu Maman Véronique na bafu lake jeupe, na nilikuwa nimeamua kwamba saa ya mapumziko nitakwenda tena, na kesho yake tena, na akinifungia mlango nitazungumza kupitia tundu la ufunguo. Simu ya mezani kwa Chef ikalia. Akasikiliza, akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Kuna bwana anamtaka Madame Tundu. Tunaye Madame Tundu hapa?"

Nikanyoosha mkono.

"Allô? Iko Maman Tundu?"

"Ndiyo, Papa. Ni miye."

"Gaz nilishafunga, miye mwenyewe. Niko na marteau mu mukono. Minataka kuzibula. Alors sema, iko ya ukubwa gani?"

"Fungula viganja vyako viwili, Papa. Uviweke ku ukuta, kimoja kando ya kingine. Njo ile. Usiwashe mpaka fundi wetu afike, anakuja leo."

Nilisikia simu ikiwekwa kwenye mbao, nyayo zikienda, na sauti yake kutoka mbali: Véro, leta crayon ya kuchora, kuja ushike mukono yangu hapa. Halafu nyundo.